Kompyuta ya Gari Lako Ilipangiwa Petroli ya Nchi Nyingine

Subaru Forester ya turbo, muundo wa SG5, iliuzwa Japani kuanzia 2002 hadi 2007, na leo ukisimama kwenye mataa ya Ngong Road jijini Nairobi au Morocco jijini Dar es Salaam hutakosa kuiona. Lilipotoka kiwandani Ota, mkoa wa Gunma, gari hilo lilikuwa limeshachaguliwa petroli yake. Kitabu chake kinataka petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo kwa kiwango cha nchi ile hairuhusiwi kushuka chini ya oktani 96, na ambayo vituoni huwa karibu na 100. Sasa linajazwa petroli ya kawaida isiyofika huko, linapanda hadi Limuru na kushuka hadi Mombasa, lina chujio la hewa la bei nafuu na plagi ambazo hakuna ajuaye zilibadilishwa lini. Namba zilizo ndani ya kompyuta yake ni zilezile za Ota.

Kwangu mimi hiyo ndiyo sababu kubwa ya mtu kujifunza kutyuni gari lake mwenyewe, yaani kurekebisha namba za kompyuta yake: kulilinganisha na maisha linayoishi sasa. Vijana wengi huingia kwenye kazi hii wakitafuta nguvu za farasi, wakanunua faili la namba za mtu mwingine mtandaoni, wakaliingiza, na baada ya miezi michache wanatafuta injini nyingine kwa wauza spea. Kazi yenyewe ni kusoma kwanza. Kubadilisha namba kunakuja nyuma sana, na wakati mwingine hakuhitajiki kabisa.

Nitaeleza kwa kutumia Subaru kwa sababu ndiyo ninayoifahamu vizuri, na kwa sababu ina zana za bure ambazo magari mengi hayana. Kompyuta nyingi za Toyota za miaka hiyo haziingiliki kirahisi hivyo, na mwenye gari la namna hiyo hulazimika kufunga kompyuta nyingine kabisa, kama MegaSquirt au Speeduino, kazi ambayo ni kubwa kuliko makala hii. Lakini fizikia ya ndani ya silinda haijali nembo iliyo kwenye boneti.

Hesabu inayofanyika kila sekunde

Kompyuta ya injini, ambayo mafundi wengi huiita kontroli boksi, inajibu maswali mawili bila kupumzika: petroli ipuliziwe kiasi gani, na cheche ya plagi ipigwe lini. Kwenye injini ya turbo linaongezeka la tatu, yaani turbo isukume hewa hadi presha gani. Kuna mengine mengi, kama feni na kiyoyozi, lakini hayo hayavunji pistoni.

Tuanze na petroli. Ili petroli iungue yote na hewa iishe yote, kila gramu moja ya petroli inahitaji kama gramu 14.7 za hewa. Uwiano huo ndio lambda 1. Petroli ikizidi, mchanganyiko ni mzito na lambda inashuka chini ya 1. Ikipungua, mchanganyiko ni mwepesi. Ukiendesha polepole kuelekea kazini, kompyuta inashikilia 14.7 kwa sababu kikatalisti, kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi, hufanya kazi yake vizuri zaidi hapo, na sensa ya oksijeni inairudishia taarifa muda wote ili ijisahihishe. Ukikanyaga mafuta hadi mwisho, kompyuta ya magari haya inaacha kusikiliza sensa hiyo na kufuata jedwali lake tu. Inaongeza petroli kwa makusudi, kwa sababu petroli ya ziada inapoza kinachoendelea ndani ya silinda.

Ili ijue petroli ngapi, ni lazima ijue hewa ngapi. Forester hii inapima hewa kwa sensa ya MAF, iliyofungwa kwenye njia ya hewa mara baada ya chujio. Ndani yake mna kiwaya chembamba kinachopashwa moto. Hewa ikipita inakipoza, na umeme unaohitajika kukirudisha kwenye joto lake ndio unaoiambia kompyuta ni gramu ngapi zimepita.

Sasa chukua mfano na ufanye hesabu pamoja nami. Umekanyaga mafuta yote, injini iko kwenye mizunguko 4,500 kwa dakika, na MAF inasema gramu 150 za hewa kwa sekunde. Mizunguko 4,500 kwa dakika ni 75 kwa sekunde, kwa hiyo kila mzunguko umeingiza gramu 2 za hewa. Hizo gramu 2 kwa mzunguko ndizo kompyuta ya Subaru inazihesabu kama mzigo wa injini. Inaingia kwenye jedwali ikiwa na mzigo upande mmoja na mizunguko upande wa pili, na panapokutana inakuta namba, tuseme 11.5. Gramu 150 gawanya kwa 11.5 ni kama gramu 13 za petroli kwa sekunde. Gawanya kwa injekta 4, yaani vinyunyizi vya petroli, kila moja inatoa gramu 3.3. Kila silinda hupuliziwa mara moja kwa kila mizunguko miwili, yaani mara 37 na nusu kwa sekunde, kwa hiyo kila mpulizo ni kama miligramu 87 za petroli.

Hesabu hii ikikukaa kichwani, utaona mara moja hatari ambayo watu huipuuza. Tuseme mtu amefunga lile chujio jipya la koni pamoja na bomba pana zaidi. Kwa kuwa bomba limebadilika, hewa inapita mbele ya kiwaya kwa namna nyingine, na MAF sasa inasema gramu 135 wakati injini imekula 150. Kompyuta inatoa petroli ya gramu 135, kama gramu 11.7. Uwiano halisi ndani ya silinda umekuwa 12.8 badala ya 11.5, na hakuna taa iliyowaka. La pili ni baya zaidi: mzigo nao umehesabiwa kuwa gramu 1.8 badala ya 2, kwa hiyo kompyuta inasoma taimingi, yaani wakati wa kupiga cheche, kwenye mstari wa mzigo mdogo, ambako cheche hupigwa mapema zaidi. Injini imepata petroli pungufu na cheche ya mapema kwa wakati mmoja, chini ya turbo, kwa sababu ya chujio lililonunuliwa kwa ajili ya sauti.

Cheche, na kile kinachovunja injini

Petroli haiwaki yote papo hapo. Moto unaanzia kwenye plagi na kutambaa hadi kuta za silinda, na unahitaji muda. Kwa hiyo cheche hupigwa kabla pistoni haijafika juu, ili presha kubwa ije pistoni ikiwa imeanza kushuka. Muda huo hupimwa kwa nyuzi za krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni. Kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika, nyuzi moja ni kama sehemu 28 za sekunde iliyogawanywa mara milioni.

Ukiitanguliza cheche unapata nguvu zaidi, hadi kufikia kiwango fulani. Ukizidisha, presha na joto vinapanda upesi kiasi kwamba mchanganyiko uliobaki pembeni unalipuka wenyewe kabla moto haujaufikia. Mawimbi ya mlipuko huo yanagonga chuma. Kwa sikio ni mlio wa kokoto ndani ya kopo la bati, ingawa ndani ya gari lenye redio na madirisha yaliyofungwa mara nyingi hutausikia. Oktani ni kipimo cha uwezo wa petroli kustahimili hali hiyo bila kulipuka yenyewe. Ndiyo maana petroli ya oktani ndogo, hewa ya moto, mchanganyiko mwepesi, presha kubwa ya turbo na cheche ya mapema ni ndugu watano wa nyumba moja. Kwenye injini za Subaru za lita 2.5 zenye turbo, kinachoondoka kwanza mara nyingi ni kingo za pistoni zinazoshikilia ringi. Injini ya lita 2 iliyomo kwenye Forester ya Japani, EJ205, inavumilia zaidi, lakini nayo ina mwisho wake.

Waliotengeneza kompyuta hii walilijua hilo, na hapa ndipo inaponivutia kuliko pote. Juu ya bloku ya injini kuna sensa ya kugonga inayosikiliza mtetemo wa chuma. Ikisikia kugonga, kompyuta inajibu kwa ngazi tatu, na kwenye programu utaziona kwa vifupisho vyake. FBKC ni jibu la papo hapo: cheche inacheleweshwa sasa hivi, kisha inarudishwa taratibu. FLKC ni kumbukumbu: kompyuta inaandika kwamba kwenye mzigo huu na mizunguko hii tulipata tatizo, na safari ijayo itachelewesha kabla haijagonga. IAM ni imani ya kompyuta juu ya petroli nzima iliyo ndani ya tangi. Kwenye kompyuta za biti 32 hutembea kati ya 0 na 1, na kwenye zile za zamani za biti 16 kati ya 0 na 16.

IAM inafanya kazi hivi. Jedwali la msingi linasema, kwa mfano, nyuzi 15. Jedwali la pili linasema tunaweza kuongeza hadi nyuzi 8 petroli ikiwa nzuri. IAM ikiwa 1, cheche inapigwa nyuzi 23. IAM ikishuka hadi 0.5, ni nyuzi 19 tu. Taa haiwaki na hakuna sauti yoyote. Dereva anaona tu kwamba gari limekuwa zito kupanda mlima na linakula mafuta, anabadilisha plagi, anasafisha injekta, anaambiwa turbo imechoka. Namba iliyokuwa na jibu ilikuwepo muda wote, na haikuhitaji spea yoyote kusomwa.

Vifaa, na namna ya kusoma bila kugusa

Unahitaji laptopu yenye Windows, si lazima iwe mpya. Unahitaji kebo ya Tactrix OpenPort 2.0. Unahitaji programu mbili za bure: EcuFlash, ya Tactrix haohao, inayosoma na kuandika kompyuta ya gari, na RomRaider, inayorekodi na kufungua majedwali. Kebo bandia zimejaa sokoni kwa bei ya kuvutia. Kwa kurekodi tu unaweza kubahatika, lakini kwa kuandika kompyuta ya gari sikushauri, kwa sababu kebo ikikatika katikati ya kazi gari halitawaka. Kile kifaa kidogo cha ELM327 cha Bluetooth ni kizuri kwa kusoma kodi za makosa, ila Subaru za Japani za miaka hiyo huzungumza SSM, lugha ya Subaru yenyewe, na vingi vya bei nafuu haviielewi vizuri. Kwa kuandika havifai hata kidogo.

Kabla hujachomeka chochote, hakikisha injini ni nzima. Pima kompresheni ya silinda zote nne. Angalia plagi, mabomba ya hewa, klipu zake, na historia ya mkanda wa taimingi, ambao ukikatika kwenye injini hizi pistoni hukutana na valvu. Kutyuni injini mbovu ni kuficha ugonjwa.

Kisha rekodi. Chagua vitu vichache, kwa sababu mawasiliano ya magari haya ni ya polepole, na ukichagua thelathini kila kimoja kitasomwa kwa kuchelewa hadi kukosa maana. Mimi huchukua mizunguko, mzigo, MAF, kiasi pedali ilivyokanyagwa, masahihisho ya petroli ya muda mfupi na ya muda mrefu, joto la hewa inayoingia, joto la maji, FBKC, FLKC na IAM. Endesha maisha yako ya kawaida: kazini, sokoni, shambani, na kiyoyozi kikiwaka. Jaza vituo tofauti. Fanya hivyo kwa wiki kadhaa, hadi ujue gari lako likiwa zima linaonekanaje kwa namba.

Masahihisho ya muda mrefu ndiyo pa kuanzia kusoma. Ni asilimia ambayo kompyuta imejifunza kuongeza au kupunguza petroli ili ifikie 14.7. Ikiwa kati ya -5 na +5, usisumbuke. Ikiwa +12 gari likiwa limewashwa tu bila kukanyagwa, halafu inarudi karibu na sifuri ukiwa barabara kuu, injini inavuta hewa pembeni: kuna bomba lililopasuka au gasketi iliyochoka. Tundu dogo linaonekana sana hewa ikiwa chache na linamezwa hewa ikiwa nyingi. Kinyume chake, ikiwa sifuri gari likisimama na +12 hewa inapoongezeka, shuku MAF chafu, chujio la petroli lililoziba au pampu iliyochoka. Safisha MAF kwa dawa yake maalumu na urekodi tena. Magari mengi yaliyoletwa kwa ajili ya kutyuniwa yangepona hapa, kwa chupa moja ya dawa na kipande cha mpira.

Sehemu ya pili ni FLKC. RomRaider inaweza kufungua jedwali lote la kile kompyuta ilichojifunza, kila kisanduku cha mzigo na mizunguko. Visanduku vyote vikiwa sifuri na IAM iko juu kabisa, petroli unayojaza inalitosha gari na hakuna la kurekebisha kwenye taimingi. Ukikuta -2 au zaidi kwenye visanduku vilevile, kati ya mizunguko 3,000 na 4,000 chini ya mzigo, na vinabaki hivyo tangi baada ya tangi, gari linakuambia kwamba jedwali la Ota halipatani na petroli yako.

Ila usiiamini sensa kabla hujaikagua. Inasikia mtetemo, na mtetemo una vyanzo vingi. Bati la kuzuia joto lililolegea kwenye ekzosi, maunti ya injini iliyochoka, au bomba linalogusa bodi vinaweza kuidanganya. Kama kugonga kunatokea kwenye mizunguko ileile iwe umekanyaga sana au kidogo, ingia kwanza chini ya gari na spana.

Kuandika kwa mara ya kwanza

Sasa gari ni zima, rekodi zinajieleza, na bado unaona FLKC hasi mahali palepale. Hapo ndipo kazi ya kuandika inapoanza.

Chini ya dashibodi, upande wa dereva, matoleo mengi ya miaka hiyo yana viunganishi viwili vya kijani vilivyoachwa bila kuunganishwa. Ukiviunganisha na kufungua swichi bila kuwasha injini, feni za rejeta zinaanza kuwaka na kuzima zenyewe, pampu ya petroli inabofyabofya, na taa ya cheki injini inapepesa. Mara ya kwanza inaogopesha. Hiyo ni hali ya majaribio, na ndiyo inayoruhusu kompyuta kuandikwa. Kompyuta za biti 16 huhitaji pia kiunganishi kingine kidogo cha ziada, kwa hiyo jua yako ni ipi kabla ya kununua vifaa. Baadhi ya Subaru zina kompyuta iliyotengenezwa na Hitachi badala ya Denso, na kwa hizo zana hizi za bure husaidia kidogo sana.

Kitendo cha kwanza ni kusoma faili zima lililomo na kulihifadhi sehemu zaidi ya moja: kwenye laptopu, kwenye flashi, na kwenye barua pepe yako. Faili hilo la asili ndilo njia yako ya kurudi nyumbani. Lifungue ukiwa na faili la ufafanuzi linalolingana na namba ya programu ya gari lako hasa, maana faili la ufafanuzi ndilo linaloiambia RomRaider kila jedwali liko wapi. Magari ya soko la Japani mara nyingine hayana ufafanuzi kamili. Ukifungua jedwali la taimingi ukakuta nyuzi 300 au mistari isiyo na mpangilio, ufafanuzi si wake. Funga, usiguse kitu.

Unapoandika, betri ndiyo uhai wako. Funga chaja, zima taa, redio na feni ya ndani, zuia laptopu isilale, na usiruhusu mtu kufungua mlango wala kusukuma kebo. Kazi huchukua dakika chache.

Na badiliko la kwanza liwe la kupunguza. Kwenye visanduku ambavyo FLKC imekuwa ikirudisha nyuzi 2, punguza nyuzi 2 kwenye jedwali la msingi, kisha lainisha visanduku vya jirani ili namba zisiruke ghafla kutoka 22 hadi 17. Andika, futa kumbukumbu ya kompyuta, endesha kawaida na urekodi. Wengi hushangaa kuona kwamba gari limekuwa jepesi kuliko mwanzo ingawa wamepunguza taimingi. Sababu ni IAM. Ilikuwa imekaa 0.6 au 0.7 na kuchelewesha cheche kila mahali kwa sababu ya visanduku vichache vyenye tatizo. Visanduku hivyo vikitulia, IAM inapanda hadi juu na kukurudishia nyuzi sehemu nyingine zote za jedwali. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja na uandike kwenye daftari umebadilisha nini na kwa nini, la sivyo baada ya mafaili kumi hutajua lipi lilifanya nini.

Petroli ya kukanyaga hadi mwisho ni hatua inayofuata, na kwa hiyo unahitaji sensa ya oksijeni ya masafa mapana, kwa kawaida Bosch LSU 4.9 pamoja na geji yake, iliyofungwa baada ya turbo. Usikisie. Injini ya turbo ya petroli ikiwa chini ya mzigo mzima, wengi hulenga lambda kati ya 0.78 na 0.82, yaani kama 11.5 hadi 12. Kipimo hicho kifanyike kwenye daino, mashine ya kupimia nguvu za gari, au uwanja uliofungwa. Gia ya tatu hadi mwisho wa mizunguko inavuka mwendo wa kisheria, na watoto wanaovuka barabara ya Bagamoyo hawajui kwamba unarekodi.

Niseme na juu ya ile milio ya risasi kwenye ekzosi, kwa sababu ndiyo huduma inayoombwa kuliko zote. Hutengenezwa kwa kuacha petroli iendelee kumwagika ukiachia pedali na kuchelewesha cheche sana, ili kuungua kumalizikie nje ya silinda. Joto lote hilo linapita kwenye valvu za kutolea moshi, kwenye turbo na kwenye kikatalisti. Hakuna nguvu hata moja inayopatikana, majirani wanaamka saa saba za usiku, na turbo iliyokuwa na miaka yake ya kuishi inafupishiwa. Fundi anayejali gari la mteja angekataa kazi hiyo.

Upande wa nguvu, matarajio yawe ya kweli. Injini isiyo na turbo haina mengi ya kutoa kwa kompyuta pekee. Hewa inayoingia ni ileile, na mtengenezaji alishakaribia mwisho wake. Injini ya turbo ina nafasi zaidi kwa sababu presha inaweza kupandishwa, lakini presha iwe ya mwisho kuguswa. Na kama gari lina bima kubwa, ijulishe kampuni ya bima kabla ya kubadilisha lolote, ili isije kukataa kulipa siku ya ajali.

Kutoka Nairobi hadi baharini

Kuna jambo ambalo maelezo mengi yaliyoandikwa Ulaya na Marekani hulipita haraka, nalo kwetu ni la kila sikukuu. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ina presha ya kama kPa 83. Mombasa ni 101. Tuseme kompyuta inataka presha ya jumla ya kPa 180 kwenye njia ya hewa. Mombasa turbo inaizidisha hewa mara 1.8. Nairobi inabidi iizidishe karibu mara 2.2, kwa hiyo inazunguka kwa kasi zaidi na hewa inatoka ya moto zaidi, na valvu inayopitisha moshi pembeni ya turbo inabaki imefungwa kwa muda mrefu zaidi ili turbo ipate nguvu.

Fundi wa Nairobi anayetyuni turbo kwa hewa ya Nairobi huongeza namba za kompyuta zinazoifunga valvu hiyo hadi presha ifike anapotaka. Gari linakwenda vizuri. Mwezi wa Disemba familia inapakia mizigo, inateremka kupitia Mtito Andei na Voi, na kadiri hewa inavyozidi kuwa nzito, namba zilezile za valvu zinatoa presha kubwa kuliko iliyokusudiwa. Joto la pwani linaongezeka juu yake, na petroli ni ya kituo usichokijua. Kompyuta ina jedwali la kurekebisha presha kulingana na hewa ya nje, lakini likiguswa bila kufikiriwa, au likiachwa kama lilivyo huku majedwali mengine yamebadilishwa, halitoshi.

Kwa hiyo tyuni ya Nairobi ambayo haijarekodiwa baharini bado haijakwisha. Ukiteremka, beba laptopu. Rekodi presha, FBKC na IAM ukiwa Voi, kisha Mariakani, kisha Mombasa mchana wa jua kali, ukiwa umekanyaga kwa kiasi cha kupita lori tu. Presha ikivuka lengo, punguza namba za valvu kwenye safu za juu na uache jedwali la hewa ya nje lifanye nyongeza utakaporudi mlimani. FLKC ikiingia hasi kwenye visanduku ambavyo Nairobi vilikuwa sifuri, ondoa nyuzi moja hapo, andika, na urekodi tena kabla ya safari ya kurudi.